Chupa Isiyojaa

Kwenye mteremko wa Makindye jijini Kampala, chini ya barabara inayopanda kuelekea kambi ya jeshi, akina mama wa safu moja ya nyumba za kupanga wanajua jambo kuhusu Lailah Sebit ambalo mgeni huhitaji kuelezwa. Ukimpelekea chakula, sufuria yako itarudi imesuguliwa kwa majivu mpaka uone sura yako ndani yake, nayo itakuwa tupu. Hataweka ndizi mbili, wala konzi ya njugu, wala kipande cha sabuni. Kwa watu wa pale, ambao hata aliyekaukiwa kabisa hutia japo chumvi kidogo kwenye chombo cha jirani kabla ya kukirudisha, hilo ni jambo la kushangaza. Kwa Mnubi, ni karibu na tusi.

Marlène, mke mchanga aliyehamia pale kutoka Goma, alilichukua kama tusi. Alikwenda moja kwa moja kwa Perpétue, Mkongo mwenzake, mshonaji aliyekuwa amekaa mtaani miaka mingi.

"Mama Bénit, huyu mama Mnubi nilimukosea nini? Nilimupelekea sombe, sufuria imerudi hivi hivi!"

"Imeoshwa?"

"Imeoshwa mpaka inang'aa."

"Basi alishakupa chake. Funga kinywa, mutoto, na kesho umupelekee ingine."

Perpétue akarudisha mguu wake kwenye cherehani. Alikuwa na haki ya kujua, kwa kuwa sufuria ya kwanza kurudi tupu kutoka nyumba ile ilikuwa yake.

Lailah alizaliwa Bombo, katika ukoo wa askari walioletwa kutoka Sudan enzi za Waingereza, wakaoa, wakazaa, wakazikwa huku, na bado wajukuu zao wakaulizwa kwao ni wapi. Baba yake, Mzee Sebit, alishona viatu vya jeshi. Mama yake aliitwa Bibi. Ndilo jina alilopewa utotoni, na kwa vile alilikulia na kulizeekea, hakuna aliyejua tena kama anaitwa kwa jina au kwa heshima. Serikali ya Amin ilipoanguka, Lailah akiwa msichana ambaye ndiyo kwanza anajifunza kufuma, familia iliondoka na kile kilichoweza kubebwa kichwani. Walipita Arua, wakavuka mpaka, wakaangukia kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Sudan.

Huko kambini ndiko Bibi alikomfundisha binti yake sheria ya vyombo. Majirani waliazimana kila kitu: bakuli, kinu, ungo, hata sufuria moja ikizunguka mahema mengi kwa siku. Bibi hakukubali chombo cha mtu kirudi kitupu. Pasipokuwa na mtama alitia majani ya ukwaju. Pasipokuwa na majani aliweka ukuni mmoja, umepasuliwa vizuri. Wala hakukubali nusu. Siku moja Lailah alitumwa kurudisha bakuli lenye uji usiofika katikati, akaitwa kabla hajafika mbali.

"Rudi hapa. Unapeleka nini?"

"Uji, mama."

"Unapeleka maneno. Bakuli tupu linakwenda kutangaza njaa yetu, na nusu bakuli ndilo linalotangaza kwa sauti zaidi. Jaza, au lisirudi leo."

Mwanamke yule alizikwa hukohuko, kwenye ardhi nyekundu isiyokuwa yao. Vita vilipokwisha mwaka 1986 na watu wa kabila lao wakaanza kurudi mmojammoja, wakitazama kulia na kushoto, Lailah alikuja Kampala na vitu viwili vya mama yake: sindano ya kufumia na sheria ile.

Alifuma. Vidole vyake vilitoa *tabaga*, vile vifuniko vya duara vya rangi ambavyo Wanubi hufunikia sinia la chakula, na alivipeleka soko la Owino kuviuza karibu na mabunda ya mitumba. Wateja waligeuza kifuniko, wakatafuta fundo lilipo wasilione. Wengine walinunua. Wengine waliuliza kabila lake kwanza, kisha wakakirudisha mahali pake. Aliolewa na Hamim, dereva wa lori la mizigo ya mpakani Malaba, mtu mpole mwenye mabega mapana na utani usiokwisha. Mimba mbili ziliharibika. Ya tatu ilikaa, akazaliwa msichana, na halikuwapo swali kuhusu jina.

Kwa hiyo ndani ya nyumba ile ya chumba kimoja na nusu alikuwamo Bibi mwenye meno ya maziwa. Alikuwa mtoto mwenye amri. Hamim, aliyeokota adabu za pwani kwa madereva wenzake, alikuwa akirudi safari anainama mlangoni mpaka kofia inagusa kizingiti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nimeleta uchovu, Bibi."

"Rudisha. Lete biskuti."

Mtaa mzima ulimwamkia hivyo. Perpétue, aliyefika kutoka Bukavu na mwanawe Bénit na kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye shuka, alisema ndiyo nyumba ya kwanza Kampala alimocheka. Yeye na Lailah walianza kupelekeana vyombo: sombe ya majani ya muhogo ikienda, *kisra* ikirudi, ule mkate mwembamba kama karatasi ambao Bibi mdogo alipenda kuukunja na kuutazamia kama darubini. "Mla cha mwenziwe na chake huliwa," Lailah alisema kila alipojaza sufuria ya jirani yake, naye alijaza mpaka kifuniko kikakataa kukaa.

Bibi alikuwa amemaliza miaka mitatu alipoanza kuchechemea. Hakukuwa na jeraha. Ilikuja homa, ikaondoka, ikarudi. Zahanati ya karibu ilitoa dawa ya malaria, kisha ikatoa tena. Ndipo kope zake zikavilia damu, zote mbili, rangi ya zambarau iliyoiva, kama za mtu aliyepigwa ngumi.

Sokoni Owino, mwanamke mmoja wa meza ya jirani alimtazama mtoto mgongoni, kisha akamtazama mama.

"Banange! Hawa watu bado wanapiga tu. Jeshi la Amin limekwisha, sasa wamehamia kwa watoto."

Lailah alifunga mzigo wake. Alipomwogesha mtoto jioni ile, mkono wake wenye sabuni ulipita chini ya mbavu za kushoto na kugusa kitu kigumu ambacho hapo awali hakikuwapo, au kilikuwapo na yeye hakukigusa. Alirudisha mkono. Kilikuwa palepale.

Hospitali kubwa waliyokwenda ilikuwa na wodi ya watoto wenye uvimbe, vitanda vimebanana, akina mama wamelala chini kwenye mikeka. Daktari Oloya, mtu wa Gulu mwenye sauti ya chini, alimpapasa Bibi tumbo kwa muda mrefu akiwa amefumba macho. Bibi alimvumilia, kisha akamuuliza, "Umepoteza nini humo?"

"Ndicho ninachotafuta, Bibi," daktari alijibu, na hakucheka.

Alimweleza Lailah kwa Kiswahili chake cha jeshi, akichagua maneno kama anayevuka mto kwa mawe. Saratani zinazoshika tumbo la mtoto wa umri ule zilikuwa kadhaa, lakini yeye alihofia mbili. Moja ilikuwa imejaa wodini pale, na dawa zake alikuwa nazo. Ya pili ilikuwa adimu. Hiyo huota kwenye kitezi kilichokaa juu ya figo kama kofia, au kwenye mishipa ya fahamu iliyo jirani, na ndiyo iliyompa shaka kwa sababu ya yale macho.

"Kila moja ina njia yake ya matibabu. Nikikosea njia, tunapoteza wakati. Kumpasua sasa hivi naogopa, damu yake ni chache. Lakini huu uvimbe wa pili una tabia moja: hautulii. Kuna kitu unakimwaga kwenye mkojo. Tukiukusanya mkojo wote wa siku nzima na usiku wake, tukaupeleka Nairobi kupimwa, unaweza kujitaja wenyewe."

Muuguzi aliyempa chombo aliitwa Sista Rosalba, mwanamke mnene mwenye kelele za furaha ambaye wodi nzima ilimtegemea kwa kelele hizo. Ilikuwa chupa kubwa ya plastiki ya rangi ya kahawia, ina mistari ya vipimo ubavuni, na ndani yake mlikuwa na maji kidogo ya dawa kali.

"Hiyo dawa usiiguse, itakuunguza, na usiimwage. Mkojo wa kwanza wa asubuhi mwaga. Kuanzia hapo weka kila tone, mchana na usiku, mpaka ule wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Huo nao uweke. Halafu mlete. Na kuanzia leo asile ndizi, asinywe chai wala kahawa, asipewe kitu chenye vanila. Vinachafua kipimo."

"Asile matoke? Hapa Kampala?"

"Mama, hata mimi naona huruma."

Kitanda kilihitajika kwa mgonjwa mwingine, Lailah akaruhusiwa kufanyia kazi hiyo nyumbani. Hamim alikuwa safarini. Siku ya kukusanya, Lailah aliiweka chupa kwenye beseni la maji baridi katika pembe ya bafu la uani, mbali na mkeka wake wa sala, maana mkojo ni najisi. Hata hivyo aliifunika kwa *tabaga* mpya, nyekundu na kijani, aliyokuwa ameifuma kwa ajili ya kuuza. Hakuona mgongano. Najisi au si najisi, kilikuwa kitu cha watu, na kitu cha watu hufunikwa.

Perpétue alileta bakuli la matoke akasahau, akafukuzwa mlangoni nalo.

"Pardon, Mama Bibi! Nitakula mwenyewe, na dhambi nitakula mwenyewe."

"Kula ukiwa mbali. Anasikia harufu."

Bibi alikuwa na homa siku ile. Kila alipopewa maji alilowanisha midomo tu na kugeuza uso. Lailah alimbembeleza kwa kijiko, kwa kikombe, kwa wimbo. Mtoto alikaa kwenye kipoti, akaegemea bega la mama yake, na kilichopatikana kilikuwa kidogo na cheusi kama chai iliyochemka mno. Lailah alikimimina kwenye chupa bila kupoteza tone. Alifanya hivyo kila mara, kwa uangalifu uleule aliokuwa nao kwenye nyuzi.

Baada ya sala ya alfajiri aliinua kifuniko. Kwenye chupa ile ndefu, kilichokusanywa kilikuwa kimefunika kitako tu. Mstari wa kwanza wa kipimo ulikuwa juu yake, mkavu, na juu ya huo mistari mingine mingi.

Aliitazama kwa muda mrefu. Hakuna aliyemwambia chupa ijae. Hilo alilijua wakati ule na alilijua baadaye. Lakini walimpa chupa kubwa, nao ni watu wenye akili, hawampi mtu chombo kikubwa bila sababu. Angewafikishia kile kitako kilicholowana, wangesema nini? Kwamba hawa ndio wale. Mtoto kavilia macho na maji pia hapewi. Alilisikia lile neno la Owino likitamkwa na mdomo wa Sista Rosalba. Chini yake, mbali zaidi, alimsikia mama yake akiita: rudi hapa, unapeleka nini?

Maji hakuyafikiria hata kidogo. Muuza maziwa anayetia maji ni mwizi, na yeye hakuwa mwizi. Alichokifikiria kilikuwa na haki zaidi. Mtoto huyu alikuwa tumboni mwake. Alichokula Lailah ndicho alichokula Bibi, na maji yao yaliwahi kuwa mamoja. Kama kuna mtu aliyeruhusiwa kumjalizia, ni yeye.

Alichukua kipoti, akafunga mlango wa bafu.

Alipomaliza, chupa ilikuwa imepita mistari mingi. Aliifunika vizuri, akaivika *tabaga*, akambeba mtoto mgongoni na chupa mikononi, akashuka mjini akiwa na uso wa mtu anayepeleka chakula harusini.

Sista Rosalba alipoona kile kifuniko alipiga makofi. "Mama Bibi! Umeniletea pilau?"

"Nimeleta amana yenu."

Muuguzi alifunua, akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha. "Yesu! Huyu mtoto anakojoa kama afande." Wanawake waliolala mikekani walicheka. Lailah naye alicheka, na alipokuwa akicheka alihisi, kwa mara ya kwanza tangu zile kope zivilie, kwamba hakudharauliwa.

Majibu yalichelewa, kisha yakaja: kile kitu hakikuonekana kwa kiwango cha kutia shaka. Daktari Oloya aliisoma karatasi mara ya pili. Alimtazama Bibi macho, akaitazama karatasi tena, akakubali kile ilichosema. Alianzisha dawa za saratani ile ya kwanza, iliyojaa wodini.

Kwa muda, nyumba iliamini. Tumbo lililegea kidogo. Nywele za Bibi zilidondoka, na Perpétue akamshonea kofia kwa mabaki ya kitenge, yenye masikio mawili. Hamim aliinama mlangoni.

"Shikamoo, Bibi. Nywele ziko wapi?"

"Nimemwazima daktari."

Lakini maumivu yalirudi, na safari hii yaliingia mifupani. Usingizi ukawa wa kuibaiba. Hakutaka kuguswa miguu. Hata shuka ilikuwa nzito. Kile kigumu chini ya mbavu kilivuka katikati ya tumbo. Siku moja Daktari Oloya alisimama kando ya kitanda, na alipoondoka alizungumza na Sista Rosalba mlangoni. Muuguzi alirudi ameshika chupa ya kahawia.

"Mama Bibi, daktari anataka turudie kile kipimo. Anasema ugonjwa unakwenda kama ule mwingine, lakini karatasi ilikataa. Hata yeye haelewi."

Lailah hakunyoosha mkono kuipokea.

Kulikuwa na njia mbili, na aliziona zote. Angeweza kuichukua chupa, akaipeleka safari hii na haki yake tu, na hakuna ambaye angejua kamwe. Wangesema mashine ya Nairobi ilikosea. Lakini kama wangeilinganisha chupa ya pili na ya kwanza? Kama daktari, kwa kuiamini ile ya kwanza, angekataa kuiamini hii? Mama yake alikuwa na usemi mwingine, usiokuwa wa vyombo: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lailah alikuwa hajaficha maradhi. Alikuwa ameficha uchache wake.

"Mwite daktari," alisema.

"Ana wagonjwa, mama."

"Mwite, Sista. Ile chupa sikuleta ya Bibi peke yake."

Alimweleza Daktari Oloya akiwa amesimama, mikono imeshika ukingo wa kitanda, na hakupunguza neno. Alisema alivyokosa cha kujaza, alivyoingia bafuni, alivyofunika. Sista Rosalba aliweka kiganja mdomoni. Labda alikumbuka alivyomfananisha mtoto na afande. Daktari alivua miwani.

"Nani alikuambia ni lazima ijae?"

"Hakuna, daktari."

"Nani alikuambia si lazima?"

Lailah alifikiri. "Hakuna."

Daktari aliitikia kwa kichwa, taratibu, akarudisha miwani. Kisha, kwa sababu alimwona anasubiri kueleweshwa, alimweleza. Kule maabara, kile kitu kinachomwagwa na uvimbe hulinganishwa na taka ya kawaida ambayo kila mwili huitoa. Taka ya mtu mzima ni nyingi kuliko ya mtoto. Wakitazama vyote kwa pamoja, cha mtoto kinaonekana kidogo, hakina uzito.

"Mkojo wako ulikifunika cha mtoto," alisema. Hakusema kwa ukali. Huenda ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

Hamim aliporudi, Lailah alimweleza uani, mbali na masikio. Alijiweka tayari kwa lolote. Hamim alichuchumaa, akachora kitu ardhini kwa kijiti, akakifuta.

"Ningekuwapo," alisema mwishowe, "ningekuambia ujaze."

Hilo ndilo lililomliza.

Mkusanyo wa pili ulifanyiwa wodini. Bibi alikuwa amekwisha sana, na kilichopatikana kilikuwa kidogo hata kuliko cha kwanza. Kingeenea kwenye vikombe viwili vitatu vya kahawa. Sista Rosalba alinyoosha mkono aipokee chupa, lakini Lailah aliomba aipeleke mwenyewe mpaka dirisha la maabara. Hakuivika *tabaga*. Aliibeba mbele ya kifua kwenye ujia mrefu uliojaa watu, na kile kidogo kilicheza kwenye kitako kwa kila hatua, na kila aliyepishana naye aliweza kuona. Alihisi anatembea bila nguo. Alitembea.

Safari hii uvimbe ulijitaja. Kiwango kilikuwa mara nyingi kupita cha mtoto mwenye afya. Ilikuwa ile ya pili, ile adimu, na kipimo cha uboho kilichofuata kilionyesha imeshaingia mifupani. Daktari Oloya alisema yupo mtoto ambaye angeweza kutibiwa kwa dawa nzito na upasuaji, na kwamba Bibi hakuwa tena mtoto huyo. Kilichobaki ni kumwondolea maumivu.

"Ile chupa ya kwanza," Lailah alisema. "Ingekuja kama ilivyo. Angepona?"

Watu wengi baadaye walimjibu swali hilo bila kuulizwa. Imamu alimjibu, Perpétue alimjibu, wifi zake walimjibu, na wote walisema hapana, ilikuwa imeandikwa. Daktari peke yake ndiye ambaye hakusema hivyo; alitazama mikono yake.

"Sijui, Mama Bibi. Inawezekana ulikuwa umeshaenea tangu siku mliyofika. Yale macho ni dalili mbaya. Inawezekana haukuwa umeenea mwili wote. Ningekuwa najua ningekuambia, hata kama ni vibaya. Sijui."

Jibu lile alikwenda nalo nyumbani, na ndilo analoishi nalo.

Bibi alirudishwa Makindye na chupa ndogo ya dawa ya maumivu. Alilazwa kwenye mkeka karibu na mlango ili aone wapitao. Mtaa ulimwamkia, sauti zimeshuka. Bénit alimletea gurudumu la waya alilolitengeneza, akaliacha miguuni bila kuigusa miguu. Siku Hamim aliporudi kutoka safari aliyoikatisha njiani, aliinama mpaka kofia ikagusa kizingiti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," alisema Bibi. Walisubiri wote wawili, baba na mama, lile swali linalofuata. Halikuja. Alikuwa amefumba macho, na kabla ya adhuhuri ya kesho yake alikuwa ameondoka.

Walimzika upande wa Bombo, karibu na ndugu wa babu yake. Kisha wakaja watu. Walikuja Wanubi na Waganda, walikuja Wakongo wa kanisani kwa Perpétue wakiwa na vitambaa vya maombolezo, alikuja hata yule mwanamke wa meza ya jirani wa Owino, akakaa nyuma na hakunyanyua uso. Kila mmoja alileta chombo. Sufuria, mabakuli, masinia na vikapu vilipangwa ukutani mpaka vikafika dirishani, vyote vimejaa.

Matanga yalipokwisha na chakula kikaliwa, vilibaki vyombo. Lailah aliviosha vyote mwenyewe, hakukubali kusaidiwa. Wifi yake alimletea gunia la njugu na chumvi ya pakiti ili vitiwe humo kabla ya kurudi, kama ipasavyo.

"Weka gunia chini, wifi."

"Tutatia nini basi?"

"Hatutii."

"Lailah, watu watasema nini?"

"Wataona kilichomo."

Alianza na ya Perpétue, iliyokuwa karibu zaidi. Alivuka ua mchana kweupe, majirani wameketi milangoni, akasimama mbele ya cherehani na kuinyoosha. Perpétue aliondoa mguu kwenye kanyagio. Aliipokea kwa mazoea ya mtu anayejua uzito atakaoupata, na mikono yake ikapanda juu ghafla kwa sababu hapakuwa na uzito. Alifunua. Akatazama ndani, akamtazama jirani yake, ambaye alikuwa bado amesimama na wala hakugeuza macho.

"Imefika, Mama Bibi," alisema Perpétue.

Alirudisha kifuniko mahali pake. Kisha akainuka, akaipeleka sufuria ndani kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga.